Vitoto Vinavyoogelea Nchi Kavu

Jumanne, 8 Mei 2001

Marie amekuja kuniita kabla sijamaliza kuosha vyombo. Hakutaka kuketi. "Dokta, batoto ya nguruwe beko banacheza dansi. Kuya uone." Dansi! Nimecheka. Nilipofika sikucheka tena.

Vitoto kumi na kimoja, umri wa siku kumi. Vinne vinatetemeka mwili mzima, kama mtu wa malaria aliyenyeshewa. Kimoja kinakaa kama mbwa, miguu ya nyuma imekufa ganzi. Kingine kimelala ubavu na miguu yote minne inapiga hewa — inapiga, inapiga — kama kinaogelea. Kinaogelea nchi kavu! Macho wazi, mate yanatiririka, taya zinasaga. Nilipokigusa kikapiga yowe, kisha kikakakamaa kama kijiti. Na mama yao? Hana kitu. Alikataa chakula siku moja, akakohoa kidogo, leo anakula.

Marie ndiye mkubwa wa chama cha bamama: wajane kumi na wanne, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Ng'ombe na mbuzi wa mji wetu, Baraka, vita imewala. Wamebaki nguruwe tu, kwa sababu nguruwe anazaa haraka kuliko askari anavyoiba.

Mimi si daktari. Ni muuguzi wa mifugo. Lakini daktari wetu alivuka ziwa mwaka wa 98 na hajarudi, kwa hiyo dokta ni mimi. Ninaandika nyuma ya kitabu cha chanjo za ng'ombe. Ng'ombe hawapo, kurasa zipo.

Nimevichoma sindano ya penisilini vitoto vitatu vinavyoumwa, vingine vitatu nimeviacha bila dawa. Kesho tutaona. Viwili vilikuwa vimeshakufa tangu Jumapili. Marie alivitupa nyuma ya ua. Sikupenda. Nimemwambia: kuanzia leo, shimo refu, na majivu juu.

Katika kibanda cha pili, ubao mmoja tu katikati, linakaa dume la nguruwe la komanda wa kambi ya askari. Alilileta wiki mbili zilizopita, limefungwa ndani ya gari la kambi. Hakuna aliyeuliza lilitoka wapi. Zawadi kwa bamama, alisema, na nusu ya vitoto vitakavyozaliwa ni ya askari. Wote tulipiga makofi, kwa sababu askari walikuwa wanaangalia mikono.

Jumatano, 9 Mei

Vitano vimekufa. Vilivyochomwa penisilini, viwili. Visivyochomwa, viwili. Kimoja ambacho jana kilikuwa kizima kabisa. Basi penisilini haisaidii. Si ile homa ya uti wa mgongo ya bakteria.

Chumvi? Chumvi nyingi bila maji inaweza kuleta kutetemeka. Lakini hapa maji yapo, ya ziwa, ndoo kwa ndoo. Ile homa kubwa ya nguruwe? Ile inaua wakubwa kwa wadogo, masikio yanakuwa mekundu. Hapa mama anakula! Kinachoua hapa kinaingia kwenye ubongo wa mtoto na kumwacha mkubwa. Ni virusi. Lakini virusi gani?

Saa nne komanda akafika na askari watano. Akasukuma mzoga kwa kiatu.

"Nani anakulisha hizi?"

"Ni mimi," Marie akasema.

"Unabapatia nini?"

"Uji ya muhogo na majani ya viazi."

Akatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile. Akasema wapiganaji wa msituni, adui zake, wametuma neno kwa bamama: kambi isile nyama. Akasema: Marie ametia sumu.

Mdomo wangu haukuniomba ruhusa. "Komanda, batoto ya siku kumi habakule uji, bananyonya tu. Mama yao njo anakula uji, na ule pale, muzima! Ni sumu gani inaruka mwenye kukula?"

Akauliza mimi ni nani. Nikasema muuguzi wa banyama.

"Basi nyamaza sawa banyama wako."

Askari wakacheka. Sikunyamaza, nilimwambia nguruwe hawanyamazi. Lakini alikuwa ameshageuka.

Alhamisi, 10 Mei

Wamemchukua Marie. Asubuhi, kwenye bomba la maji, mbele ya watu wote. Wamemfungia ndani ya ghala la zamani la pamba, pale kambini. Ndoo yake ilibaki chini ya bomba, ikijaa na kumwagika.

Nicolas mume wangu ni mwalimu, na anapima maneno. Amesema: "Adolphine, uko na batoto ine. Nguruwe haiko ndugu yako."

Nikamjibu kwamba Marie ni ndugu yangu.

Ijumaa, 11 Mei

Lazima niandike yote, kwa utaratibu.

Mbwa wetu anaitwa Watasema. Nicolas ndiye aliyempa jina, mwaka ule majirani walipotusengenya. Asubuhi alianza kusugua shavu la kulia ukutani. Nikafikiri ni kupe. Saa tano alikuwa ameshachuna ngozi. Saa sita nikaona mfupa. Anajikuna kwa makucha, anajisugua kwenye mawe, analia kama mtu, na hawezi kuacha.

Majirani wakaja na marungu. Raje! Raje! Kichaa cha mbwa! Nikasimama mlangoni nikawaambia hakuna atakayempiga mbwa wangu kabla sijamaliza kumwangalia. Nikamwangalia. Hakumuuma mtu. Nicolas alipomwita alikuja, mkia unatikisika, damu inadondoka. Alijaribu kunywa maji. Mbwa wa kichaa haji ukimwita. Huyu alikuja mpaka mwisho. Amekufa saa tisa, kichwa juu ya kiatu cha Nicolas.

Nililia. Halafu katikati ya kulia nikasikia sauti ya Bwana Henri, mwalimu wetu wa magonjwa, shule ya mifugo, miaka ishirini iliyopita: Nguruwe wachanga wanatetemeka, mbwa anajikuna mpaka kufa. Ukiona mambo haya mawili katika ua mmoja, usitafute mchawi!

Nikafungua sanduku. Daftari lipo, panya wamekula pembe. Ukurasa upo! Ugonjwa wa Aujeszky. Nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya bic nyekundu. Virusi. Nguruwe mkubwa anaificha mwilini, anaonekana mzima, anaitoa kwa pua na mate. Mtoto wa nguruwe: inapanda kwenye ubongo. Mbwa, paka, mbuzi, ng'ombe, sungura akiipata: anajikuna, anakufa. Mtu: haimpati. Na chini kabisa: Kama huna maabara, chukua ubongo wa kitoto kilichokufa, mchome sungura chini ya ngozi. Ndani ya siku mbili mpaka tano atajiuma pale pale.

Watasema alikula vile vitoto vya Jumapili. Nyuma ya ua.

Jioni nikaenda soko la samaki. Gentille, mama anayeleta ndagala kutoka Swima, nilimuuliza kama kwao nguruwe wako salama. Akashika kichwa. Kwao vitoto vilianza kutetemeka mwezi uliopita, vikaisha vyote. Na paka wawili wakajikuna mpaka wakafa. Nikauliza: kabla ya hapo kuliingia nguruwe mgeni? Akasema hapana, isipokuwa lile dume la komanda lililolala pale wiki moja, likielekea kwenu Baraka.

Nilirudi nyumbani nikikimbia, na mimi nina miaka arobaini na moja.

Nicolas akasikiliza yote. Akavua miwani. "Sasa utamwambia nani kwamba dume la komanda njo linaua?"

Komanda, nikasema. Nani mwingine?

Jumamosi, 12 Mei

Nimeenda kambini. Nilivaa kitenge cha sikukuu, ili wakinifunga nifungwe nikiwa nimependeza.

Komanda alikuwa anakula samaki. Nikamwambia huu ni ugonjwa, una jina, na ninaweza kuuonyesha kwa macho yake mwenyewe.

"Kwa mashini gani?"

"Kwa sungura."

Akaacha kula. Nikaeleza: sungura watatu. Mmoja ninamchoma ubongo wa kitoto kilichokufa. Wa pili ninamchoma maji na dawa peke yake, sindano ya aina ile ile, ili asiseme mtu kwamba sindano ndiyo sumu. Wa tatu hachomwi, ila anakula uji wa Marie kila siku. Wote wanakaa hapa kambini, ufunguo kwako, mimi siwagusi.

"Na kama hakuna kitu kinafanyika?"

"Utanifunga na Marie."

"Na kama kinafanyika?"

"Utamufungua Marie."

Akacheka, akaita watu wake waje wasikie. Mwanamke amekuja kuhukumiwa na sungura! Halafu akasema: mpaka Jumatano jioni. Nikasema sawa. Lile la dume sikulisema. Bado. Si woga. Nilitaka kwanza sungura aseme.

Kutafuta sungura sasa. Nyumba tano, na zote walikuwa na sungura wiki iliyopita, leo hawana hata mmoja. Woga umewala sungura wote wa Baraka kwa siku moja! Nilikuwa narudi nimechoka nikamkuta Bazubagira mlangoni kwangu, kikapu kichwani. Ni mama wa watu wa milima ya juu, wale wa ng'ombe. Kundi lao lilichukuliwa lote, akashuka huku na wanawe. Anafuga sungura nyuma ya kanisa lao. Kwa sababu ya vita, watu wengi mtaani hawamsalimu.

"Nasikia unatafuta," akasema.

"Mama, mmoja atakufa. Pengine wote."

"Najua." Akatua kikapu. Mweupe, mweusi, wa madoadoa. "Siku nilifika hapa, hakuna mutu alinifungulia mulango. Marie alinipatia sufuria yake. Hakuniuliza natoka wapi."

Akakataa hata kukaa. Nimemsindikiza mpaka njia panda, mchana kweupe, watu waone.

Jumapili, 13 Mei

Nimetoka kanisani nikaenda kupasua kichwa.

Kitoto kilichokufa alfajiri, bado kina joto. Panga, kisha kisu kidogo. Fuvu lao ni jembamba kama ganda la yai la bata. Ubongo nimeusaga kwenye kinu kidogo na maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, nikatia penisilini kuua bakteria, nikachuja kwa kitambaa cha kubatizia cha mwanangu wa mwisho. Mungu atanisamehe, kilikuwa kitambaa safi kuliko vyote.

Muuguzi wa askari alisimama juu yangu muda wote. Mweupe: ubongo, paja la kushoto, chini ya ngozi. Mweusi: maji na penisilini, paja la kushoto vilevile. Wa madoadoa: uji. Komanda akafunga mlango, ufunguo mfukoni.

Wakati natoka nilipita karibu na ghala la pamba. Kuna ufa mlangoni. "Marie!" Nikaona jicho lake. Nilifikiri atauliza lini atatoka. Akasema: "Maziwa ya mama nguruwe, mumukamue. Atavimba."

Jumatatu, 14 Mei

Hakuna kitu. Sungura wote wanakula.

Vitoto vimebaki viwili. Nimewakataza bamama kupeleka hata mfupa mmoja kwa mbwa. Wengine wananiuliza kama wao wenyewe watajikuna. Hapana, nimesema, mtu haimpati. Wananiangalia mashavu kuhakikisha.

Jumanne, 15 Mei

Hakuna kitu!

Nimepitia kila hatua. Kama maji yalikuwa bado moto nikaipika virusi yenyewe? Kama niligusa sehemu isiyofaa ya ubongo? Kama Bwana Henri alikosea, au mimi niliandika vibaya kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa namwangalia mvulana wa benchi la mbele?

Askari wa zamu amenionyesha kwa kidole chumba kilicho jirani na cha Marie. Akasema wamekifagia.

Nicolas amefunga nguo za watoto ndani ya mfuko. Kuna mtumbwi wa mota unavuka kwenda Kigoma. Nimefungua mfuko, nikarudisha nguo moja moja kwenye kamba. Baadaye alikuja akanisaidia kuzikunjua.

Nikikimbia, Marie atakuwa ametia sumu milele. Hata mimi nitakuwa nimetia sumu. Na dume litaendelea kusafiri.

Sikimbii.

Jumatano, 16 Mei

Anajikuna!

Muuguzi wa askari mwenyewe ndiye aliyekuja kuniita, amesahau kofia. Sungura mweupe anauma paja lake la kushoto. Pale pale. Amenyoa manyoya yote kwa meno, ngozi imetoka, anauma nyama, anaruka, anagonga ukuta, anarudi kuuma. Mweusi amekaa kwenye kona anatafuna jani. Wa madoadoa amemaliza uji wa Marie, analamba sahani.

Askari walijaa dirishani. Hakuna aliyecheka. Mmoja akaniuliza polepole kama ugonjwa huu unashika mtu. Nikamwambia hapana, mdogo wangu, lakini mbwa wa kambi mumfunge.

Saa nane sungura mweupe alianguka ubavu, miguu ikaanza kupiga hewa. Kuogelea kule kule. Akafa. Sikufurahi, ni lazima niandike hivyo. Niliomba Bazubagira asije akaona, na alikuwa ameshafika, amesimama nyuma yangu. "Amefanya kazi yake," akasema.

Komanda aliugusa mzoga wa sungura kwa ncha ya kiatu. Kisha: "Basi ni ugonjwa. Ulitoka wapi?"

Nilijua kwamba nikisema sijui, nitalala nyumbani nimetulia. Nikasema: "Ulitoka ndani ya pua ya dume lako."

Nikaendelea, kwa sababu ukishavuka mto katikati hurudi. Swima vitoto vilikufa baada ya dume kulala pale. Marie hajakanyaga Swima mwaka mzima. Hapa vilikufa baada ya dume kufika. Ubao mmoja katikati, pua kwa pua.

"Unasema ni mimi niliua?"

"Nasema ni dume. Weye ulileta tu, bila kujua. Sasa unajua. Tangu leo, ukilipeleka mahali, itakuwa ni weye."

Mshipa wa shingo yake ulicheza. Nilifikiri: ndiyo hivyo basi, chumba kimeshafagiliwa. Lakini askari wake wote walikuwa wameona sungura. Neno la sumu halikuwa na mahali pa kukaa tena. Akamtupia muuguzi ufunguo.

Marie alitoka mwenyewe, kwa miguu, miguu imevimba kama mikate. Hakukubali kushikwa mkono mpaka tulipopita kizuizi. Hapo ndipo akaniangukia begani.

Niligeuka nikamwambia komanda: dume lichinjwe, lichomwe, lizikwe. Akasema yeye hapokei amri ya wanawake. Dume ni mali yake.

Alhamisi, 17 Mei

Ninaandika juu ya goti, ndani ya mtumbwi. Kitabu kimelowa pembeni.

Asubuhi Gentille alikuja mbio: dume liko ufukweni! Limefungwa miguu, limepakiwa kwenye mtumbwi wa mota wa Anatole, katikati ya magunia. Linakwenda Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Komanda analitoa zawadi kwa rafiki yake kule. Kule ambako nguruwe wanalala chini ya kila dari la jikoni, na mbwa wanakula wanachookota, na hakuna muuguzi wa mifugo hata mmoja! Alisikia kila neno langu jana. Alisikia, na amelituma.

Sikuwaza. Nimeingia majini mpaka magotini, nimepanda, nimekaa mbele ya pua ya dume. Limenipulizia. Pumua tu, wewe. Mimi hunipati.

Askari wawili wa kulisindikiza wakasema nishuke.

"Sishuki."

"Mama, shuka, tunachelewa."

"Endeni basi na mimi. Nitashuka Ubwari niwaambie watu wote kile kilichofanyika Swima na Baraka. Nitawaambia ni nani alilituma."

Wakatazamana. Hawa wawili walikuwa dirishani jana. Mmoja akamwambia Anatole awashe mota. Anatole akavuta kamba mara moja. Mara mbili. Akasema mashini imekufa. Nilimwona akitia plagi ya mota mfukoni mwa kaptula. Hakuniangalia. Ana nguruwe kwa dada yake, Ubwari.

Askari mmoja amekwenda kumwita komanda. Mwingine ameketi kwenye mchanga, bunduki kati ya magoti, anachora kwa kidole.

Marie amefika. Kwa miguu ile! Hakuuliza kitu, amepanda na kuketi upande wangu wa kulia. Halafu watano wa chama. Halafu Bazubagira, amepandisha kitenge, anaogopa maji kuliko mtu yeyote niliyemwona, na amepanda. Amekaa kati ya bamama wawili ambao wiki iliyopita hawakumsalimu. Mmoja wao amemshikia kikapu.

Nicolas amesimama ufukweni na vitabu vyake vya shule. Nilifikiri amekuja kunishusha. Ameita kwa sauti ya darasani, watu wote wasikie: "Adolphine! Batoto wamekula! Kaa!"

Nimekaa.

Gari linasikika. Linashuka barabara ya soko, najua ile injini. Askari wa mchangani amesimama, anafunga kifungo cha shati. Tuko tisa ndani ya mtumbwi na dume moja, maji yamebaki kidole kimoja kufika ukingoni, na Marie anatuambia tusogee, tusogee kidogo, Gentille naye ameshaweka mguu ndani. Komanda akitaka kulivusha dume hili, atatuvusha sote pamoja nalo.